Kisanduku cha Maegesho Chumbani mwa Bi Pindo

Alichora mistari ya barabarani kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Aliitwa Rula. Alikuwa mrefu na mwembamba, mabega yamekaa sawa kana kwamba mwashi ameyapimia pimamaji, na hata mkate mezani aliukata kwa kufuata mstari ambao wenzake hawakuuona. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Tangu hapo alikaa na dada yake mkubwa, mwanamke mwenye moyo mwema na ulimi usiohitaji kunolewa.

Kazi yake ilikuwa vivuko vya waenda kwa miguu, mishale ya kuongoza magari, na mipaka ya viwanja vya mpira. Mzee aliyemfundisha alimwachia sheria moja tu, nayo ni kwamba kazi haijaisha mpaka rangi ikauke. Mstari mbichi ni ahadi ya mstari. Anayeuacha na kwenda zake ameukabidhi kwa mbwa, watoto na magurudumu. Kwa hiyo Rula, kila alipomaliza kupaka, alilipindua debe tupu, akaketi juu yake katikati ya kazi yake, akailinda. Wapita njia walizoea kumwona hivyo, mgongo umenyooka, kama mfalme aliyejengewa kasri lisilo na kuta.

"Rula, unaatamia?" vijana walimtania.

"Naatamia," alijibu bila kugeuza shingo. "Piteni mbali, msinivunjie mayai."

Angeweza kustaafu na heshima hiyo bila dosari, lau mji usingeingiwa na skuta za umeme za kukodi.

Zililetwa na kampuni moja, zikashushwa asubuhi kutoka kwenye malori, zikapangwa kwa ustadi ambao haukuonekana tena baada ya siku hiyo. Mtu aliifungua skuta kwa simu yake, akapanda, akaiacha pale hamu yake ilipoishia. Halmashauri ya jiji ilitunga kanuni ya kwanza kwamba vyombo hivyo viachwe "mahali panapofaa", na kila mkazi akagundua kwamba mahali panapofaa ni pale alipo yeye. Skuta zilikutwa kwenye ngazi za zahanati, katika mlango wa choo cha soko, na moja juu ya banda la kuku; namna ilivyopanda huko haijaelezwa mpaka leo, wala kuku hawakuhojiwa.

Kanuni ya pili ilihusu mwendo. Karibu na soko na hospitali, skuta zilipaswa kupunguza kasi zenyewe kwa amri iliyotoka hewani, na zilitii kupita kiasi. Bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alimpita karani wa mahakama aliyekuwa amesimama kwa fahari juu ya chombo chake, kisha akageuka kwa huruma. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Wanaokusubiri huko mbele niwaambie nini?"

Kanuni ya tatu ndiyo iliyomgusa Rula. Iliamuru kwamba vichorwe visanduku vyeupe barabarani, na skuta isiachwe popote isipokuwa ndani yake. Mpandaji aliyejaribu kumaliza safari nje ya kisanduku, simu yake ingegoma na safari ingeendelea kuhesabiwa, hata kama mwenyewe ameshafika nyumbani amevua viatu. Ndani ya kisanduku hakikuruhusiwa kitu kingine chochote. Kila mchoraji wa jiji alikabidhiwa simu ya kazi pamoja na maelekezo: kazi ikikamilika, abonyeze neno "Thibitisha", na hapo aliposimama pataingia kwenye ramani kuwa ndipo kituo kilipo.

Waliotunga maelekezo hayo waliamini kwamba kazi hukamilika brashi inapoinuliwa. Rula aliamini alivyofundishwa. Tofauti hiyo haikuleta madhara kwa muda mrefu, maana alisubiri rangi ikauke akiwa juu ya debe lake, katikati ya kisanduku, na akabonyeza hapo hapo. Visanduku vyake vyote vilikaa kwenye ramani kama mayai kwenye trei, isipokuwa kimoja.

Kisanduku hicho kilichorwa katika barabara ya wauza vitambaa, mkabala na chumba cha Bi Pindo. Bi Pindo alikuwa mshona nguo, na jina hilo alilipata kwa sababu pindo lililopita mikononi mwake halikufumuka hata nguo yenyewe ilipochanika. Chumba chake kilikuwa cha chini, mlango ukifungukia barabarani: cherehani ya kukanyaga upande wa dirisha, meza ndefu ya kukatia, sanamu la mbao lisilo na kichwa la kujaribishia magauni, na katikati, kigoda cha wateja. Alizungumza akiwa na pini midomoni, na waliomzoea walijua kwamba pini zikitoka kinywani, mazungumzo yamekuwa ya hatari. Alikuwa ameposwa mara mbili na kukataa mara mbili, kwa maelezo kwamba wachumba wote wawili walikuwa na haraka.

Hilo la haraka halikumhusu Rula. Kwa muda mrefu alikuwa akimpelekea Bi Pindo suruali za kupunguzwa urefu, moja baada ya nyingine, na zilipokwisha akaanza upya na ile ya kwanza. Dada yake ndiye aliyetoa taarifa ya hali hiyo, asubuhi moja, akimwangalia miguuni.

"Mdogo wangu, kuna mafuriko?"

"Wapi?"

"Sijui. Naona suruali zimeanza kukimbilia juu."

Siku ya kuchora kisanduku kile, Rula alipaka mistari minne iliyonyooka kuliko yote aliyowahi kupaka, kwa kuwa alijua inaangaliwa kutoka dirishani. Kisha, badala ya kulipindua debe, alivuka barabara akiwa na suruali kwapani. Bi Pindo alikuwa akishona mavazi ya wauguzi. Alimwelekeza kigoda, wakaanza kuzungumza juu ya vifungo. Wakaendelea na rangi zinazochuja, unyevu unaoharibu uzi, na tabia za wateja wanaonenepa baada ya kupimwa. Mchoraji alipokumbuka wajibu wake, maduka yalikuwa yanafungwa. Alichungulia nje, akaona mistari imekauka, akatoa simu ya jiji mfukoni na, akiwa bado ameketi kwenye kigoda, akabonyeza "Thibitisha".

Visanduku vilipoanza kutumika, Bi Pindo alisikia hodi, akakaribisha bila kuinua macho. Aliyeingia alikuwa yule karani wa mahakama, mwenye tai, akisukuma skuta.

"Shikamoo, mama. Samahani, naomba nipite hapo."

"Marahaba. Upite kwenda wapi, baba? Hapo ni ukuta."

"Sifiki ukutani. Simu inasema ni hapo kwenye kigoda."

"Simu inasema nini?"

"Kisanduku. Inasema kiko hapo." Karani aliisogeza skuta mpaka gurudumu likagusa mguu wa kigoda. Simu ikalia kengele ndogo ya furaha. "Eeh! Imekubali. Asante sana, mama."

"Wewe, rudi! Na hili dude?"

"Hilo ni la kampuni."

"Na chumba hiki nacho ni cha kampuni?"

Kabla hajajibiwa aliingia muuguzi, skuta mbele, jasho usoni. "Dada yangu, usinifikirie vibaya," akasema. "Nimesimama huko nje kwenye kisanduku chenyewe, kimechorwa kikapendeza, simu inagoma. Nikianza kuvuka barabara inaniambia karibia, karibia. Nimefika mlangoni kwako ndiyo imeanza kucheka."

Rula alitokea mchana huo na suruali yake, akaona magurudumu yakichungulia mlangoni, na akaelewa yote kabla hajamaliza kuvuka. Mtu mwingine angesema papo hapo. Lakini kusema alibonyezea wapi kungemlazimu kusema kwa nini alikuwa hapo muda wote ule, na maneno hayo alikuwa bado anayasubiri yakauke.

"Aliyeiambia simu kwamba kisanduku kiko humu," Bi Pindo alimpokea, pini zikiwa nje ya kinywa, "kama si kipofu ni mlevi."

"Huenda ni mitambo," Rula akasema, akitazama sanamu lisilo na kichwa.

"Mitambo gani? Huyu ni mtu. Mitambo haina akili ya kuchagua chumba changu katika mji mzima!"

Rula alishika mkono wa gauni aliopewa kuushika.

Bi Pindo hakuwa mtu wa kulia mbele ya jambo lililokwisha ingia ndani. Barabara ilikuwa ya jiji na kanuni zake. Chumba kilikuwa chake na kanuni zake zilitungwa kabla ya jua kuzama. Anayeingia atapiga hodi na kusalimu. Atafuta magurudumu kwa tambara lililowekwa kizingitini. Simu ikikubali, ataitoa skuta nje na kuipanga ndani ya mistari ya Rula, imesimama wima. Na kabla ya kuondoka atalipa kwa mikono yake, kwa kutunga uzi kwenye sindano, kushika ncha ya kitambaa kinachokatwa, au kusimama mahali pa sanamu. Yule karani wa mahakama alionekana na watu wasiopungua kumi akiwa amevaa gauni la bibi harusi juu ya suti, akipigwa pini kiunoni, huku akimhakikishia hakimu kwenye simu kwamba yuko njiani.

"Simama sawa, baba," Bi Pindo alimwambia. "Bibi harusi hanung'uniki."

"Mama, mimi nimekuja kuegesha tu."

"Na unaegeshwa. Geuka."

Watu walilalamika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuleta nguo zao. Kisanduku cha nje kikasifiwa na kampuni kuwa ndicho pekee mjini ambamo skuta hazikulala kifudifudi. Huenda mambo yangeendelea hivyo kwa amani isiyo ya kawaida, kama kanuni ile ile isingemtaka kila mpandaji apige picha ya skuta yake anapomaliza safari, ili jiji lione kwamba imeachwa vizuri.

Picha hizo zilifika mezani kwa afisa wa usafiri. Aliona skuta na, nyuma yake, cherehani. Aliona skuta na meza ya kukatia. Aliona skuta, bibi harusi asiye na kichwa, na mwanamke mwenye pini midomoni akielekeza kidole kwenye tambara. Kwa mujibu wa kanuni, mtu alikuwa ameweka vizuizi ndani ya kituo cha umma. Afisa huyo, mama wa makamo mwenye sauti ya kuomba radhi, alichukua karatasi nyekundu, akaenda kujionea.

Alipofika, Rula alikuwa kwenye kigoda.

"Dada, mimi sina ubaya na wewe," afisa alianza, baada ya kufuta viatu kwa kuona kila mtu anafuta. "Lakini kwenye ramani, hapa tuliposimama ni barabarani."

"Barabarani?" Bi Pindo akaelekeza mkasi juu. "Na hiyo ni nini?"

"Ni dari. Naiona. Ila ramani haina dari."

"Basi ramani yenu inanyeshewa."

Afisa alicheka, akajizuia, kisha akafanya kazi yake kwa uso uliojaa aibu. Aliibandika karatasi nyekundu kwenye cherehani. Ilisema kwamba vizuizi viondolewe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo lori la jiji litavichukua.

"Na mimi nihamie wapi?" Bi Pindo aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Hii cherehani haipandi ngazi. Katika barabara hii hakuna chumba kingine cha chini. Nimekaa hapa tangu ningali msichana wa kusuka mabutu mawili."

"Kuna njia moja. Kamati ya usafiri inaweza kukihamisha kituo, kama itathibitika kwamba aliyekiingiza kwenye ramani alibonyeza simu akiwa nje ya kisanduku. Bila hivyo, ramani ndiyo inayoaminiwa."

"Kwa hiyo mleteni huyo aliyebonyeza!"

"Kwenye ramani ameandikwa kwa namba ya simu ya kazi tu. Ataitwa kwa namba hiyo, na wewe njoo usikilize."

Bi Pindo alimgeukia Rula. "Umesikia? Nitakwenda nimwone kwa macho yangu. Nataka nijue kama ni kipofu au ni mlevi."

"Nimesikia," Rula akasema. Simu ya jiji ilikuwa mfukoni mwake, na aliihisi ikiwa nzito kama debe lililojaa.

Siku hiyo hakula. Dada yake alikiangalia chakula kikipoa, akamwangalia yeye, akasogeza kiti.

"Umeshiba nini wewe, rangi?"

Rula alimweleza yote kwa maneno machache, akiwa ameinamisha kichwa. Dada alisikiliza hadi mwisho kwa utulivu wa kutia shaka.

"Ulibonyezea wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Kigoda gani?"

"Cha wateja."

Hapo dada alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaanza kusema, akacheka tena. Hatimaye akaketi.

"Sasa tatizo liko wapi? Nenda kaseme ulikuwa kwake."

"Wataniuliza kwa nini."

"Na wewe hujui kwa nini?"

"Najua."

"Yeye je?"

"Sijawahi kumwambia."

"Loo! Mwanamume mzima unamwachia mwenzio aondolewe cherehani kwa sababu mdomo umekuwa mzito?" Utani ulikuwa umemtoka. "Sikiliza, mdogo wangu. Mtaa mzima unajua, suruali zako zilishatangaza. Aliyebaki kuambiwa ni mwenyewe tu. Ama useme, ama siku lori likija uwe wewe unayelisaidia kubeba."

Kamati ilikutana katika ukumbi wa halmashauri, penye feni iliyozunguka kwa kulalamika na viti vya plastiki vilivyojaa kabla ya wakati. Wapandaji wa skuta walifika kwa wingi, karani wa mahakama miongoni mwao. Dada yake Rula aliketi karibu na mlango, ili, alieleza baadaye, mtu asitoroke. Bi Pindo alikaa safu ya mbele na gauni la kupindwa mapajani, kwa sababu kuketi bure hakukuwa katika tabia zake. Namba ya simu ya kazi ilipoitwa, aliyesimama alikuwa Rula.

Sindano ya Bi Pindo ilisimama katikati ya kitambaa.

"Ni wewe uliyethibitisha kituo hiki?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa wapi ulipobonyeza?"

Rula aliitazama feni. "Mwenyekiti, huenda setilaiti iliteleza."

Afisa wa usafiri aliomba radhi, kisha akasema kwamba vituo vingine vyote vya mchoraji huyo viko sawasawa kabisa. "Sasa iteleze hapo tu, mwenyekiti? Kama ganda la ndizi?"

"Jibu swali, bwana. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri rangi ikauke."

"Wapi?"

"Kivulini."

"Kivuli cha nini?"

"Cha dari."

"Ya nani?"

Rula alitazama chini, mahali ambapo suruali ilikoma na soksi ikaanza safari ndefu. Kisha alitazama safu ya mbele, akaiona ile sindano imesimama, na akajua kwamba akirudi nyuma hapo hatasonga mbele tena maisha yake yote.

"Ya Bi Pindo," akasema. "Nilikuwa chumbani mwake, kwenye kigoda. Kituo kiko nje, mahali nilipochora. Ramani imenifuata mimi. Cherehani yake haina kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi, na karatasi ile mngenibandika mimi."

Ukumbi ulinung'unika kwa furaha. Mwenyekiti aligonga meza. Alikuwa mtu wa haki, na kwa bahati mbaya pia alikuwa mtu wa kupenda kuelewa.

"Kamati inakushukuru. Lakini tuelewane. Vituo vingine ulisubiri juu ya debe, nje. Hiki kwa nini uliingia ndani?"

"Jua lilikuwa kali."

Afisa alifunua kurasa zake, akasita, akaomba radhi mara mbili. "Siku hiyo kulikuwa na mawingu, mwenyekiti. Asubuhi ilinyesha. Ndiyo maana kazi ilichelewa kuanza."

"Rangi yenu hukauka baada ya muda gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Robo saa," Rula akasema, maana hakuweza kusema uongo juu ya rangi.

"Robo saa. Na ulimaliza kuchora kabla ya chakula cha mchana, ukabonyeza maduka yanafungwa." Mwenyekiti alivua miwani. "Bwana mchoraji, muda wote huo ulikuwa unasubiri nini?"

Karani wa mahakama, ambaye ameshuhudia kesi nyingi nzito, amesema kwamba hajapata kumwona shahidi akitokwa na jasho kiasi kile katika ukumbi wenye feni. Rula alinyooka, mabega sawa, kama anayelinda mstari mbichi. Ndipo Bi Pindo aliposimama, gauni mkononi.

"Mheshimiwa, rangi ile ilikuwa nzito."

"Umejuaje wewe?"

"Nilikuwa namwangalia."

"Unamwangalia nani? Tunazungumzia rangi."

"Nyinyi ndio mnaozungumzia rangi, mheshimiwa."

Akaketi, akaendelea na pindo lake. Kilichofuata hakikuandikwa katika kumbukumbu za kikao kwa sababu mwandishi mwenyewe alikuwa ameinamia meza akicheka. Utulivu uliporudi, kamati iliamua kwa sauti moja kwamba kituo kihamishiwe mahali kilipochorwa na karatasi nyekundu iondolewe. Iliamua pia kuongeza kifungu kwamba mchoraji athibitishe kisanduku akiwa amesimama ndani yake. Mwanasheria wa halmashauri aliuliza kama kusimama ni lazima, ikizingatiwa suala la debe. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza. Kifungu kilichopita, ambacho wachoraji wa jiji wanakijua kwa moyo, kinasema "akiwa amesimama au ameketi ndani yake, na si penginepo".

Kesho yake asubuhi, mbele ya afisa, Rula alisimama katikati ya kisanduku chake, akabonyeza. Mpandaji wa kwanza kufika alikuwa yule muuguzi. Simu yake ilikubali hapo hapo nje. Aliitazama, akautazama mlango wa Bi Pindo, na akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa kidogo, "Kwa hiyo hata kufuta magurudumu basi?"

Rula alivuka barabara. Bi Pindo alikuwa amekwisha ibandua karatasi nyekundu kwenye cherehani. Ilikuwa karatasi ngumu, nzuri, na alikuwa anaikata kuwa kiolezo cha kola.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Ukakaa hapo, umeshika mkono wa gauni, unanisikia nikikuita kipofu."

"Na mlevi."

"Na mlevi! Ukanyamaza!"

"Ulikuwa na haki."

"Najua nilikuwa na haki, sikuhitaji uniambie." Mkasi ulimaliza mzunguko wa kola. "Sasa nisikilize. Wale watu hawaingii tena humu. Kigoda hakina skuta. Suruali zako sizigusi, nikizipunguza tena zitakuwa kaptura na mimi sishoni sare za shule. Utakuwa unakuja hapa kwa kisingizio gani?"

Rula alifikiri kwa uaminifu wote. "Sina."

"Vizuri. Toka nje, uje bila kisingizio."

Alitoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Alijishika kola, akapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Umefuata nini?"

Kuhusu jibu, masimulizi hayalingani. Fundi viatu wa jirani anaapa kwamba lilisemwa kwa sauti iliyopenya ukuta, na kwamba lilikuwa na maneno ya posa kamili, tena yaliyopangwa vizuri. Muuguzi, ambaye kwa sababu zake mwenyewe alikuwa bado hajaondoka kwenye kisanduku, anashikilia kwamba yalikuwa maneno mawili tu na yalisemwa chinichini. Rula akiulizwa hunyoosha mabega. Bi Pindo, aliyekuwa karibu kuliko wote, huweka pini midomoni. Wanachokubaliana wote ni kwamba mlango haukuchelewa kufunguliwa, na kwamba kabla ya kuingia aliambiwa afute miguu.

Akaifuta, mmoja baada ya mwingine, bila haraka yoyote.